Warsha za Sanaa kwa Watu Wazima Sangailu: Anzeni Kabla ya Jengo

Sangailu hakuna jengo lenye kibao cha "kituo cha sanaa". Wadi hii ya eneo bunge la Ijara, kusini mwa Kaunti ya Garissa, imekaa kati ya Mto Tana upande wa magharibi, mpaka wa Somalia upande wa mashariki na msitu wa Boni upande wa kusini. Wakazi wengi ni wafugaji wa Kisomali, na huko msituni wako Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni. Mtu wa miaka arobaini anayetaka kujifunza kusuka, kutunga au kupamba huambiwa aende Garissa mjini, au Nairobi kabisa. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mtu huyo, na kwa ajili ya jirani yake anayejua kazi lakini hajawahi kuitwa mwalimu.

Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote yanaufuata: msisubiri jengo. Tafuteni kwanza mtu anayejua, siku ya kukutana na kivuli cha kutosha.

Mfano mkubwa wa jambo hili nchini Kenya ulitoka kijijini. Mwaka 1976 wakazi wa Kamirithu, Limuru, walianza masomo ya ngumbaru, na mwaka uliofuata wakaandaa mchezo wa kuigiza pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Mazoezi yalifanyika hadharani, apitaye akasimama kutazama. Wakulima na vibarua waliwasahihisha waandishi kila maneno yalipokwenda kombo, maana maisha yaliyokuwa yakiigizwa yalikuwa yao. Jukwaa walilijenga wenyewe, la wazi, la kutosha watu zaidi ya 2,000. Mchezo huo, Ngaahika Ndeenda, ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977. Mwezi uliofuata kibali kikafutwa, siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini, na Machi 1982 jukwaa likabomolewa. Watu wa Kamirithu walianza na darasa, na ukumbi ukaja baada ya kazi kuuhitaji. Habari ya vibali tutaigusa mbele.

Basi mfundishane nini? Hapa ndipo warsha nyingi za kuletwa hukosea. Mgeni hushuka kwenye gari na shanga za plastiki na gundi, akina mama wakatengeneza bangili kwa siku mbili, picha zikapigwa, gari likaondoka, na shanga zikaisha. Ilhali kwenye boma la pili kuna ayeeyo, bibi mzee, anayejua kusuka nyumba nzima.

Nyumba nzima, ndiyo. Aqal, nyumba ya kuhamahama ya Wasomali, ni kazi ya wanawake tangu fito hadi paa. Fito hupindwa zikawa matao, kisha hufunikwa kwa mikeka minene iitwayo kebed, na siku ya kuhama vyote hivyo hupanda mgongoni mwa ngamia. Kwa desturi mama wa bibi harusi na ndugu zake wa kike ndio waliosuka sehemu kubwa ya nyumba ya binti yao, wakikaa pamoja siku nyingi na kuimba nyimbo za kazi. Tangu familia zianze kuishi mahali pamoja chini ya mabati, haja ya kebed imepungua, na pamoja nayo vile vikao vya kusuka ambamo msichana alijifunza bila kuambiwa kwamba anafundishwa. Warsha ya watu wazima inaweza kuvirudisha vikao hivyo, hata kama mkeka utakaosukwa ni wa sebuleni.

Anzeni na kitu kidogo. Kebed kamili ni kazi ya miezi, na mwanafunzi mpya atakata tamaa kabla ya kufika robo. Msala wa kuswalia, kawa la kufunikia chakula au kikapu cha sokoni humalizika mapema na kina matumizi siku hiyohiyo. Kikapu kina faida nyingine: tangu Agosti 28, 2017, Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na mtu anayekwenda sokoni bado anahitaji chombo cha kubebea nyanya.

Malighafi ya kawaida ni majani ya mkoma, mti wa jamii ya minazi unaoota kwa wingi ukanda wa Mto Tana. Asiyekaa karibu na mto anaweza kununua chane zilizokwisha kukaushwa kutoka kwa wanawake wa huko, wakiwamo Wapokomo wa ng'ambo, ambao nao ni wasukaji. Mkienda kukata wenyewe, shikeni mambo matatu. Kateni jani changa la katikati ambalo halijafunguka, kwa sababu jani lililokomaa ni gumu na huvunjika kwenye mkunjo. Msimalize machipukizi yote ya mti mmoja, uachieni angalau moja, la sivyo mti hudumaa na hata kufa. Na ulizeni kwanza kama eneo hilo ni la hifadhi, kwani upande wa Ijara kuna hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, makao ya swala adimu aitwaye hirola, na kila hifadhi ina masharti yake.

Majani hukaushwa juani hadi yawe meupe, yakachanwa kwa ukucha au sindano kuwa chane zenye upana mmoja, kisha hulowekwa kidogo kabla ya kusukwa ili yasikatike. Upana mmoja ndio siri ya mkeka ulionyooka. Mwanafunzi akisuka ukili unaopinda kama nyoka, msimlaumu mkono wake kabla ya kuzitazama chane zake. Kwa rangi, tengeni sufuria ambayo haitapikiwa chakula tena maishani, chemshieni nje, na anayemimina unga wa rangi afunge kitambaa puani. Pasipo na mkoma, nyuzi za magunia ya plastiki yaliyochakaa zinafaa kabisa kwa kujifunzia. Wapo watakaosema hiyo si asili. Nadhani mkono unaojua kusuka utarudi kwenye majani siku majani yatakapopatikana. Mkono usiojua hautarudi popote.

Kuna na vyombo vya maziwa, haan na dhiil, vinavyosukwa kwa nyuzi za mizizi na magome kwa ufundi wa kukaza hadi maziwa yasivuje, kisha hufukizwa kwa vijinga vya miti maalumu ili maziwa yakae na yapate harufu yake. Kazi hii ni ngumu kuliko mikeka. Sitashauri kuianza katika warsha ya kwanza, ila kama yuko mzee anayeijua, kila mwezi unaopita bila yeye kukaa na wanafunzi wawili watatu ni mwezi uliopotea. Mpangieni siku yake peke yake, na darasa lake liwe dogo.

Sanaa ya pili haihitaji malighafi. Wasomali wamejulikana kwa ushairi tangu zamani, na mtu mzima wa Sangailu asiyejua kusoma anaweza kuwa na mashairi kichwani kuliko mwenye shahada. Wanaume wana gabay, utungo wa mistari mirefu na mambo mazito. Wanawake wana buraanbur, ambayo huimbwa kwa ngoma na makofi harusini na kwenye mikutano yao. Msomaji aliyezoea utenzi wa pwani atashangaa kwamba sheria kuu ya ushairi huu haiko mwishoni mwa mstari. Mshairi wa Kiswahili hufunga vina, lakini Msomali huchagua sauti moja, tuseme B au D, na kila mstari lazima uwe na neno linaloanza na sauti hiyo, tangu mwanzo wa shairi hadi mwisho. Irabu zote huhesabiwa kuwa sauti moja. Ni kanuni ya kikatili, na ndiyo maana ni nzuri kwa warsha.

Zoezi la kwanza liwe hili: mwalimu ataje sauti moja na jambo moja la karibu, kama mvua iliyochelewa au mbuzi aliyepotea. Waliokaa duara watoe mstari mmoja mmoja kwa zamu. Anayekosa neno asaidiwe na jirani, asichekwe sana. Baada ya duru tatu kuna utungo wa watu wote. Mzunguko wa pili ufanywe kwa Kiswahili, kwa vina, ili Mwaweer, mwalimu wa shule aliyetoka bara na muuza duka aliyetoka Lamu waweze kuingia. Lugha ya Kisomali ilipata maandishi rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972 tu, tena nchini Somalia. Wazee wengi wa Ijara hawakuyasomea popote. Kwa hiyo msiwape kalamu. Simu yenye kinasa sauti inatosha, na kijana anayejua kuandika anaweza kunakili baadaye huku mzee akimsahihisha, na hapo kijana naye amepata darasa.

Hina ni sanaa inayovuta watu haraka, hasa kabla ya Idi na misimu ya harusi, na ndiyo yenye hatari ambayo walimu wengi hawaitaji. Hina ya majani hutoa rangi ya machungwa inayokolea kuwa kahawia kwa siku moja au mbili. Haitoi weusi wa papo hapo. Weusi huo hutoka kwenye rangi za nywele, na rangi nyingi za aina hiyo zina kemikali ya PPD, ambayo ikipakwa kwenye ngozi inaweza kuleta malengelenge na makovu. Mtu akishadhurika mara moja, mwili wake unaweza kuikataa kemikali hiyo maisha yake yote. Katika warsha fundisheni hina ya majani peke yake. Unga uchekechwe kwa kitambaa chepesi, uchanganywe na maji ya ndimu au chai ya rangi, uachwe saa kadhaa, na usitiwe petroli wala dawa ya kuyeyushia rangi ya ukutani, hata fundi mwenye sifa akisema ndivyo afanyavyo. Mtoto mchanga asipakwe kabisa, kwa sababu wapo watoto ambao damu yao hudhurika kwa hina yenyewe.

Upigaji picha kwa simu, ushonaji na uchongaji wa mbao vinafundishika pia. Kanuni ni ileile: mtu anayejua, vifaa vilivyopo, kazi inayokamilika.

Ratiba ndiyo inayoua warsha nyingi za Kaskazini Mashariki. Mtu wa mjini hupanga saa tatu asubuhi, wakati ambapo mama wa Sangailu amekamua, amefungua mbuzi na yuko njiani kuelekea majini. Ulizeni wenyewe. Kwa wengi nafasi hupatikana baada ya sala ya adhuhuri hadi alasiri, mifugo ikiwa malishoni na jua likiwa kali kiasi kwamba kazi nyingine hazifanyiki. Wakati wa jilaal, kiangazi kikali cha Januari hadi Machi, maji huwa mbali na familia hugawanyika, kwa hiyo msipange darasa refu. Baada ya mvua za gu, zinazoanza karibu Aprili, maziwa huwapo na watu hutulia. Tangu zamani huo ndio wakati wa harusi na mashairi. Tatizo ni barabara. Udongo mweusi ukilowa, gari kutoka mji wa Masalani linaweza lisifike kwa siku nyingi. Mwalimu wa mbali na vifaa vya mjini viletwe kabla ya mvua, na wakati wa mvua fundisheni kwa waliopo. Ramadhani ipumzisheni, au ifanyeni kuwa mwezi wa kusikiliza mashairi yaliyorekodiwa baada ya tarawehe.

Saa mbili kwa kikao zinatosha, mara moja au mbili kwa juma. Tengeni mtu wa kuangalia watoto na mumlipe au mumpunguzie mchango, kwa maana mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine miguuni hasuki. Kama wanawake wanataka siku yao na wanaume yao, iwe hivyo. Wao ndio wanaojua ni lipi litawafanya warudi juma lijalo. Wazee wengi huacha kusuka kwa sababu ya macho tu: mkipata miwani ya kusomea michache ya kuazimana, mtashangaa nani anarudi kazini.

Mwambieni chifu mapema, naye awatangazie kwenye baraza. Eneo la msitu wa Boni limekuwa chini ya operesheni ya usalama tangu 2015, na kundi la watu wanaokutana mara kwa mara, au wanaotoka pamoja kwenda kukata majani, huulizwa maswali. Ni heri maswali hayo yajibiwe kabla. Kutaneni mchana, mahali panapojulikana: shule baada ya masomo, uwanja wa soko, kivuli cha mti wa baraza. Orodha ya wahudhuriaji iwekwe na mtu mmoja.

Kundi likishakutana kwa mwezi mmoja na bado lina watu wasiopungua kumi, lisajilini. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 imeliweka jambo hili chini ya ofisi ya maendeleo ya jamii. Mtahitaji kumbukumbu za kikao mlichoamua kujisajili, katiba fupi ya kundi, majina ya viongozi, na orodha ya wanachama yenye namba za vitambulisho. Hapo baadhi hukwama, maana kwa miaka mingi kitambulisho Garissa kilipatikana baada ya usaili mrefu, utaratibu ambao serikali ilitangaza kuufuta Februari 2025. Asiye na kitambulisho asizuiwe kujifunza. Orodha ya darasa na orodha ya usajili ni vitu viwili.

Cheti mkononi, nendeni kaunti. Wengi hudhani sanaa ni hisani ya mwanasiasa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa serikali za kaunti kazi ya shughuli za utamaduni, burudani za umma na maktaba, na vilevile vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya ufundi wa nyumbani. Barua yenu iombe kitu kimoja chenye ukubwa unaoeleweka, kwa mfano chumba cha chuo cha ufundi mchana wa Jumamosi mbili kila mwezi, au posho ya mwalimu mmoja kwa miezi mitatu. Ombi la "kutujengea kituo" huwekwa kwenye faili. Mkitaka kufanya onyesho la hadhara, ofisi hiyohiyo ya kaunti ndiyo ya kuulizwa kibali, na ulizeni kwa maandishi kabla ya kutangaza tarehe. Watu wa Kamirithu walikuwa na kibali na bado kikafutwa. Asiyekuwa nacho hana hata cha kukatia rufaa.

Kuhusu mikopo nitasema machache. Mfuko wa Uwezo na Mfuko wa Wanawake hukopesha vikundi vilivyosajiliwa. Uwezo haudai riba bali hutoza ada ya usimamizi, na baadhi ya waumini wana shaka na ada hiyo, kwa hiyo muulizeni sheikh mnayemwamini. Lakini msikope kwa ajili ya warsha ya kwanza. Majani, maji na duara la watu havihitaji deni. Mnapofika kununua cherehani, mtakuwa mmejua nani anakuja na nani alikuja kwa chai.

Hapo linaingia suala la kuuza. Walimu wengi huanza kwa kuahidi soko la ng'ambo, na ahadi hiyo ikichelewa, darasa hufa. Mimi ningeanza na Garissa mjini, na Lamu kwa upande wa kusini, ambako mikeka na makawa yananunuliwa na wenyeji na wageni. Kabla ya kutaja bei, hesabuni hivi: tuseme kikapu kimoja kimekula chane za shilingi 150 na saa kumi za kazi. Ukikiuza shilingi 400, saa yako umeiuza shilingi 25, kabla ya nauli. Labda ni sawa kwako kwa sababu saa hizo ulikuwa umekaa na wenzako. Labda si sawa. Hesabu lazima ifanywe na msukaji mwenyewe, mbele ya wenzake, kabla mchuuzi hajamfanyia. Na yule anayesuka kwa kupenda tu, asiyetaka kuuza hata kimoja, ana haki ya kukaa kwenye duara hilohilo.

Mwalimu wa nje ana nafasi yake. Mleteni kwa jambo ambalo kweli halipo kwenu, kama kupaka rangi kitambaa, kutengeneza kitabu au kupiga picha vizuri, akae siku chache, na kila anachofundisha kiachwe kwa watu wawili wanaoweza kukirudia. Vifaa vyake viwe vya kubebeka. Maktaba ya taifa mjini Garissa ilianza kupeleka vitabu kwa wafugaji kwa ngamia mwaka 1996, na mpango ule uliwezekana kwa sababu kila kitu, hata hema la kusomea, kiliweza kufungwa mgongoni mwa mnyama. Kifaa kisichoweza kuhama na watu Sangailu kitabaki kwenye stoo.

La mwisho ni kurekodi, nalo lifanyiwe kazi tangu kikao cha kwanza. Buraanbur ya mama mmoja ikipandishwa mtandaoni na kijana mwenye simu, itafika kwa Wasomali wa Eastleigh, Nairobi, na wa Minneapolis, Marekani, kabla ya jioni, na huenda jina lake lisifike. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya 2016 inatambua kwamba mitindo, nyimbo na ufundi wa aina hii ni mali ya jamii, na kwamba mtu wa nje anayetaka kuvitumia anahitaji idhini iliyotolewa kwa kuelewa. Picha na sauti ya mtu nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Nunueni daftari moja gumu. Kwa kila rekodi andikeni jina la aliyetunga au aliyefundisha kama anataka litajwe, tarehe, mahali, nani alirekodi, na jibu la swali moja lililoulizwa kwa lugha anayoielewa: rekodi isikilizwe na kundi tu, au na yeyote Sangailu, au na dunia nzima? Asiyejua kuandika aweke alama ya kidole. Akibadilisha nia mwaka ujao, jibu jipya liandikwe chini ya lile la kwanza, na rekodi ifuate jibu jipya. Nakala ya daftari wekeni kwa mtu wa pili, mbali na mchwa.